Cheni ya Taimingi: Thibitisha Kabla Injini Haijafunguliwa

Ukiingia yadi ya magari Dar es Salaam au Mombasa kutafuta gari dogo la familia, muuzaji hakosi kukuambia, "Hii injini ni ya cheni, mambo ya kubadilisha mkanda sahau." Anasema kweli. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Raum, Probox, Fielder na kwenye Premio na Allion ndogo, inatumia cheni ya chuma. Mark II ya 1G-FE na Prado ya zamani ya 1KZ-TE zilitumia mkanda wa mpira, na mkanda ule ulikuwa na utaratibu unaojulikana: kilomita 100,000 zikitimia, unabadilishwa. Dizeli kadhaa za Toyota zilizotengenezewa soko la Japan ziliwekewa hata taa ya T-BELT kwenye dashibodi ili mwenye gari asisahau. Cheni haina taa yake, wala hakuna kilomita zilizoandikwa popote kwamba zikifika ibadilishwe. Ndiyo maana wengi huondoka yadi wakiamini kwamba cheni haiishi kabisa, na imani hiyo imewala watu fedha nyingi.

Cheni inalika. Ikitunzwa inaweza kutembea kilomita laki mbili na zaidi bila kuguswa. Isipotunzwa inaweza kulegea kabla hata ya laki moja. Siku fundi anaposema, "Bosi, cheni imeisha," mwenye gari hubaki njia panda. Hajui kama ni kweli, hajui kama bei aliyotajiwa ni ya haki, na hajui kama gari linaweza kusubiri mshahara. Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo. Ninachotaka akishike ni hiki: cheni yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Unacholipia hasa ni kufungua na kufunga mbele ya injini. Fedha yako utaiokoa ukithibitisha tatizo kabla ya kufungua, na ukishafungua, ukamaliza kila kilichochoka humo ndani ili pasifunguliwe tena.

Tuanze na kazi yake. Chini ya injini kuna krenki shafti inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti zinazofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti lazima izunguke mara moja, na zisipishane hata kidogo. Kinachoziunganisha ni cheni. Inapita kwenye sproketi, inateleza juu ya reli za plastiki ngumu, na upande mmoja inabanwa na tensiona, kikaza kidogo chenye springi ambacho husukumwa na presha ya oili. Vyote hivyo vimefunikwa na kava la mbele na vinalainishwa na oili ileile unayoijua ya injini.

Fundi akisema cheni imerefuka, chuma chake hakijavutika. Zilizolika ni pini na bushi zinazounganisha pingili. Aliyewahi kumiliki bodaboda anajua mambo haya: cheni ikikauka na kujaa vumbi hulegea, unaikaza, inalegea tena, mpaka meno ya sproketi yanachongoka. Ndani ya injini hakuna wa kuikaza kwa spana. Tensiona hujisogeza yenyewe kufuata ulegevu, mpaka ifike mwisho wake na kushindwa kusogea tena. Cheni ya taimingi ina pingili zinazopita mia. Kila pini ikilika sehemu moja tu ya mia ya milimita, cheni nzima imerefuka zaidi ya milimita moja, na tayari kamshafti imeanza kuchelewa.

Ikichelewa kidogo, gari linapoteza nguvu na kula mafuta. Ikiruka jino, injini inatetemeka kwenye sailensa au inagoma kuwaka. Ikikatika, au ikiruka meno kadhaa, kwenye injini nyingi za kisasa valvu iliyobaki wazi hukutana na pistoni inayopanda. Valvu zinapinda, pistoni nayo inaweza kuumia, silinda hedi inashushwa, na hapo hesabu si ya cheni tena. Wengi wakifika hapo hutafuta injini nyingine.

Adui mkubwa wa cheni ni oili iliyochakaa. Oili ikikaa muda mrefu hubeba masizi, petroli isiyoungua na chembe za chuma, na uchafu huo huingia kati ya pini na bushi ukazisaga polepole kila injini inapozunguka. Oili iliyogeuka tope huziba vitundu vinavyopeleka presha kwenye tensiona. Na oili ikipungua, pampu huvuta hewa, tensiona hulegea, cheni hucheza na kuzipiga reli zake. Magari mengi ninayosikia yana tatizo la cheni, ukifuatilia historia yake, utakuta wakati fulani oili ilishuka chini ya alama ya stiki na hakuna aliyeangalia.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wa mijini tunapaswa kulitilia maanani. Kilomita hazihesabu foleni. Gari linalotoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi linaweza kukaa barabarani saa nzima, injini inazunguka, oili inachoka, na kilomita zilizoongezeka ni chache. Stika ya gereji ikikuambia urudi baada ya kilomita 10,000, hiyo ilimfikiria mtu anayetembea barabara kuu. Kwa gari la foleni, la safari fupi fupi, au la njia ya vumbi, mimi ninashauri kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo sana ukiilinganisha na kufungua injini mara moja tu.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la kwanza. Injini nyingi ndogo za petroli za Toyota huelekezwa 5W-30, na mpya zaidi 0W-20. Mafundi wengi humimina 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto au injini imezeeka. Oili nzito namna hiyo huchelewa kufika juu gari linapowashwa asubuhi, na sekunde hizo za kwanza ndizo tensiona inazohitaji presha kuliko wakati mwingine wowote. Halafu tazama herufi za API kwenye chupa. Mei 2020 taasisi hiyo ya Marekani ilianzisha daraja la SP kwa injini za petroli, na kati ya majaribio yaliyoongezwa ni lile la kupima ulikaji wa cheni ya taimingi, linalofanywa kwenye injini ya Ford ya lita mbili. Ukiwa dukani na chupa mbili za uzito uleule, moja ya daraja la zamani la SL na nyingine SP, na tofauti ya bei si kubwa, chukua SP. Nunua duka linalotoa risiti, kwa sababu oili feki iko sokoni na chupa yake inaweza kupendeza kuliko halisi.

Sasa tuseme umeanza kusikia mlio. Sauti ya kawaida ya cheni iliyolegea husikika asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha: ukiwasha, mbele ya injini panakwaruza au kugonga haraka haraka kwa sekunde moja, mbili, kisha pananyamaza. Mlio huo ni wa kuchukuliwa kwa uzito, lakini usimruhusu mtu afungue injini kwa sababu yake peke yake. Una sababu nyingine zinazowezekana, na baadhi ni za bei ya chai.

Pima oili kwanza, gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Kama imeshuka, ongeza na usikilize kesho yake. Kisha badilisha filta. Filta nzuri ya oili ina kivalvu cha mpira kinachozuia oili isirudi yote chini gari likizimwa. Filta za bei ya kutupa mara nyingi kivalvu chake ni kigumu au hakizibi, kwa hiyo kila asubuhi injini huanza na njia tupu, na tensiona hukaa bila presha mpaka pampu izijaze. Nimeona gari lililokwisha kuandikiwa bili ya cheni likanyamaza kabisa baada ya oili sahihi na filta halisi. Hilo si la kutegemea kila mara, lakini ni jaribio ambalo hata likishindwa hujapoteza kitu, maana oili ulikuwa uibadilishe vilevile.

Mlio ukiendelea, mwombe fundi atoe feni belti na kuwasha injini kwa sekunde chache tu. Mlio ukipotea, mwenye makosa ni beringi ya alteneta, ya kompresa ya AC au ya puli, na cheni haihusiki. Ukibaki, asikilize kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye kava la mbele, mpini sikioni, akilinganisha sehemu ya juu ilipo kamshafti na ya chini ilipo krenki. Fundi mzoefu hupata mengi kwa njia hiyo. Kuna injini, kama 2AR-FE na 2GR-FE za Toyota, ambazo gia ya VVT-i, ile ya kubadilisha taimingi ya valvu iliyo mbele ya kamshafti, inaweza kutoa mlio unaofanana sana na wa cheni gari likiwa baridi. Ukibadilisha cheni peke yake hapo, utarudi nyumbani na mlio wako.

Taa ya cheki injini ikiwaka, pima kwa mashine na uandike kodi zote za hitilafu kabla hazijafutwa. P0016 na P0017 zina maana kwamba krenki na kamshafti haziendi pamoja inavyotakiwa. Hizo zikiambatana na mlio, ushahidi dhidi ya cheni ni mzito. P0011 ni habari nyingine. Inasema kamshafti imetangulia kuliko kompyuta ilivyoagiza, na mara nyingi chanzo ni oili chafu, au valvu ya kudhibiti oili ya VVT-i na kichujio chake kidogo cha wavu kilichoziba. Kukisafisha ni kazi ya muda mfupi. Sensa na nyaya zake nazo huweza kuleta kodi za aina hii. Kwa hiyo fundi akikuonyesha kodi moja kwenye simu yake na kutaja bei ya kufungua injini palepale, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba tuthibitishe kwanza."

Kuthibitisha kunawezekana bila kushusha mbele yote ya injini. Atoe kava la valvu, lile la juu. Kinachohitajika ni gasketi na muda kidogo. Kutoka juu utaiona cheni ikipita kwenye sproketi za kamshafti. Krenki ikizungushwa kwa mkono mpaka alama yake ikae mahali pake, alama za kamshafti nazo zinapaswa kukaa sawasawa. Zikiwa zimepita au hazijafika, cheni imerefuka au imeruka. Ulegevu wa cheni kati ya sproketi mbili unaonekana kwa macho na kuhisiwa kwa kidole. Rangi ya ndani ya kava nayo inasema: chuma kilichobaki na rangi ya asali kimeishi na oili nzuri, kilichofunikwa na tope jeusi kimeteseka. Piga picha. Kwenye injini kama 1ZZ-FE tensiona inafikiwa kutoka nje, na ikitolewa fundi ataona imejisogeza kiasi gani. Ila ikishatoka injini isizungushwe hata kidogo mpaka irudi, kwa sababu cheni inaweza kuruka.

Kipimo kimoja zaidi ambacho wengi hukiruka ni kompresheni. Kabla ya kuweka fedha kwenye cheni, jua kama silinda zenyewe ziko hai na kama injini inakula oili. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa ringi zinazopitisha oili, na 2AZ-FE nyingi nazo vilevile. Injini inayomaliza lita moja ya oili kila baada ya wiki chache itaila cheni mpya kama ilivyoila ya zamani, na mwenye gari anatakiwa aamue mambo mawili kwa pamoja badala ya moja.

Tukubaliane sasa kwamba cheni imethibitika imechoka. Twende kwenye bei. Jirani yangu mmoja mwenye IST alipelekwa na haraka. Gereji moja ilimbadilishia cheni tu, wakamwambia tensiona na reli "bado ziko vizuri." Baada ya miezi michache mlio ukarudi. Ilipofunguliwa tena mahali pengine niliishika ile reli ya tensiona mkononi: plastiki ilikuwa imechimbwa mifereji miwili, kila mmoja wa kina cha kuingiza ukucha, na ncha moja imekatika. Kile kipande kilichokatika kilikutwa chini kwenye sampu ya oili, kimelala pembeni ya chujio la pampu. Kingeziba chujio hilo, angepoteza injini nzima kwa kukosa oili.

Fanya hesabu ya mfano, kwa tarakimu za kujifunzia tu, maana bei hutofautiana kwa mji, injini na spea. Tuseme ufundi ni shilingi 300,000, cheni 150,000, na tensiona, reli, sproketi, sili na gasketi jumla 200,000. Ukifanya vyote kwa pamoja unatoa 650,000. Ukianza na cheni peke yake unatoa 450,000, na ukirudi kwa vilivyobaki unatoa 500,000 nyingine, kwa sababu ufundi unalipwa upya. Jumla 950,000, bila kuhesabu siku gari lilizolala gereji. Kwa hiyo seti kamili ndiyo bei nafuu: cheni, tensiona, reli zote, sproketi ya krenki na za kamshafti kama meno yamelika, sili ya mbele ya krenki, gasketi ya kava la valvu, silikoni ya kuvumilia oili, oili mpya na filta. Sampu ishushwe na kuoshwa, chujio la pampu litazamwe. Kwenye 1NZ-FE pampu ya oili imo ndani ya kava la mbele lenyewe, basi ikaguliwe ikiwa mkononi. Pampu ya maji kwa injini nyingi iko eneo hilohilo. Kama ina dalili ya kuvuja, huo ndio wakati wake.

Omba bei iandikwe kwa mchanganuo, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: ufundi kiasi gani, kila spea kiasi gani, ya kampuni gani. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo haiwezi kulinganishwa na ya gereji nyingine. Kubaliana kabla ya kazi kwamba vitu vyote vya zamani utakabidhiwa, na kwamba mlio wa cheni ukirudi ndani ya kipindi mlichokubaliana, ufundi hautalipwa tena. Fundi anayejiamini hukubali haraka. Naye mtendee haki: usimpunje ufundi kisha ukadai kazi ya siku nzima iishe kabla ya adhuhuri. Kazi hii ina hatua ambazo zikikimbizwa zinaua injini.

Spea zinunuliwe kwa namba ya chesisi, maana injini za jina moja hutofautiana kwa mwaka. Kariakoo na Gerezani kwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, utapewa daraja tatu: halisi ya kampuni ya gari, ya mtengenezaji anayejulikana, na ile ya boksi lisilo na jina. Ya kati mara nyingi inatosha kabisa. Tsubakimoto ya Japan hutengeneza cheni za injini kwa ajili ya viwanda vya magari vyenyewe, Aisin ni jina la kuheshimika kwa vifaa vya Toyota, na iwis ya Ujerumani kwa magari ya Ulaya. Ya boksi lisilo na jina iache dukani; hapa si mahali pa kubana matumizi. Ukiwa na cheni ya zamani, ining'inize pamoja na mpya, hesabu pingili ziwe sawa, kisha tazama chini: tofauti ya urefu ndiyo kiasi ilicholika. Vitabu vya matengenezo vya Toyota humtaka fundi aivute cheni kwa nguvu maalumu na kupima urefu wa pingili kadhaa kwa kalipa, na kuna kikomo kilichoandikwa kwa kila injini. Gereji yenye kitabu hicho, hata kwenye simu, ina thamani kubwa kwako.

Kama unaweza kuwepo wakati wa kufunga, kuwepo. Cheni mpya huja na pingili chache za rangi tofauti, na kila moja hukaa mbele ya alama yake kwenye sproketi. Tensiona huingia ikiwa imefungwa kwa pini ndogo, na pini hiyo lazima itolewe ikishakazwa. Ikisahaulika, cheni imebaki bila kikaza. Baada ya hapo injini inazungushwa kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, taratibu, kwa uelekeo wake wa kawaida. Ikikwama mahali, fundi aache na atafute sababu, asilazimishe. Alama za sproketi zinapaswa kurudi mahali pake. Zile pingili za rangi hazitarudi kwenye alama baada ya mizunguko miwili, na hilo ni la kawaida, kwa hiyo usimtie fundi wasiwasi. Bolti zikazwe kwa spana ya torki, na kava lifungwe pakiwa pamefutwa silikoni ya zamani. Ukiona mtu anapendekeza kuweka washa nyuma ya tensiona ili "kuisukuma kidogo" na kuokoa cheni ya zamani, chukua funguo zako.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: si bora kununua injini ya mtumba kutoka Japan na kuachana na habari za cheni? Kama valvu zimeshapinda au silinda zimechoka, inaweza kuwa jibu, hasa kwa 1NZ-FE ambayo hupatikana kwa urahisi. Lakini injini hiyo nayo ina cheni yake, na hakuna aliyekueleza ilitunzwaje. Ukinunua, fungua kava la valvu kabla ya kuipandisha. Cheni ikionekana imelegea, ibadilishe ikiwa juu ya meza, ambapo fundi hahangaiki na maunti wala nafasi finyu, na ufundi wake ni nusu ya kazi. Kisha usisahau namba: injini ikibadilika, kadi ya gari ibadilishwe TRA, au kwa Kenya kumbukumbu za NTSA, la sivyo siku ya kuuza au ya bima itakuwa ya usumbufu.

Kwa magari ya Ulaya uangalifu uanzie kabla ya kununua. Golf za 1.4 TSI za kizazi cha EA111 zina historia mbaya ya cheni na tensiona, kiasi kwamba injini iliyozirithi kuanzia 2012, EA211, ilirudi kwenye mkanda. Ukiwa na Golf hiyo ya EA111 yenye gia za mkono, usiiegeshe mlimani kwa kutegemea gia. Vuta hendibreki, kwa sababu gari likisukuma injini kinyumenyume tensiona ikiwa haina presha, cheni inaweza kuruka. BMW za dizeli zenye injini ya N47, iliyoingia sokoni 2007, zina cheni upande wa nyuma, kwenye gia boksi. Kuibadilisha mara nyingi kunalazimu injini ishushwe, na ufundi wake unaweza kuzidi uwezo wa mwenye gari aliyelinunua kwa bei ya kuvutia. Gari la namna hiyo likiwa na mlio asubuhi, bei ya muuzaji ishuke kwa gharama yote ya kazi, au uliache. Na usikubali kuwashiwa gari lililokwisha pashwa moto. Gusa boneti ulipofika, ikiwa ya moto omba kurudi kesho.

Je, gari linaweza kusubiri? Mlio wa sekunde moja asubuhi, hakuna kodi, oili iko sawa: unaweza kujipanga, ukitembea kwa upole na kupima oili kila wiki. Mlio unaobaki injini ikiwa ya moto, au P0016 pamoja na kutetemeka: lisimame, livutwe mpaka gereji. Likizima ghafla barabarani na ukipiga starta injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha palepale. Kila jaribio la kuwasha linaweza kupinda valvu ambayo ilikuwa bado nzima. Watu wa barabarani watajitolea kukusukuma ili liwake kwa gia. Washukuru na uwakatalie. Ukivuta gari la gia za mkono, liwe nyutro.

Kazi ikikamilika, siku ya kwanza injini iwashwe na kusikilizwa ikiwa baridi, ukiwepo. Kukwaruza kwa sekunde chache mara ya kwanza kabisa kunaruhusiwa, kwa kuwa tensiona mpya haijajaa oili. Asubuhi ya pili kusiwepo. Tazama chini ya gari kama kava la mbele linavuja. Fundi apime tena kwa mashine kwamba hakuna kodi inayorudi. Kama ndani palikuwa na tope, usinunue dawa kali za kusafisha injini zinazomiminwa na kuondolewa baada ya dakika kumi. Hubandua tope kwa mkupuo na kulipeleka kwenye chujio la pampu. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 1,000 hivi, pamoja na filta yake, kisha nyingine baada ya 3,000, ndipo uingie kwenye ratiba ya 5,000. Andika kilomita na tarehe kwa kalamu kwenye daftari linalokaa kwenye droo ya gari, na stiki ya oili uivute mwenyewe kila Jumamosi kabla hujawasha.